Mbegu Ngapi mu Shimo Moja? Hesabu Ndogo kwa Ajili ya Msimu A

Wakulima wenzetu, kila mwaka kabla ya mvua ya mwezi wa tisa, swali lile lile linarudi mu mikutano ya ushirika: tununue mbegu kilo ngapi, na tutie mbegu ngapi mu kila shimo la mahindi? Wazee wanasema tatu. Agronomu anasema mbili. Wengine, juu mbegu iko bei, wanatia moja na kumwachia Mungu. Kila mmoja iko na sababu yake, na mara nyingi mwenye sauti kubwa njo anashinda.

Mu toleo hili tunataka swali lile lipate jibu kwa hesabu. Haiko hesabu ya chuo kikuu. Mwenye anajua kuzidisha 2 mara 2 ataifuata mpaka mwisho, na mwenye hajui kusoma ataifanya kwa mbegu za maharagi chini ya mti. Tutaona pia kama hesabu ile ile inasaidia fasi nyingine, fasi yenye watu wanagombana mpaka kikundi kinavunjika: mbuzi wa mkopo wa kuzunguka.

Swali lenyewe

Tuseme mbegu yetu ya mahindi ilipimwa, na mbegu 80 kwa 100 zinaota. Ile 20 inabaki mu udongo, inaoza ao inaliwa. Tuko na mashimo 100. Mu kila shimo tunatia mbegu 2. Mashimo mangapi yatabaki wazi, bila mmea hata mmoja?

Kabla ya kuendelea, weka gazeti chini kidogo. Uliza wenzako, kila mmoja aseme namba yake, na sekretere aandike. Tunajua majibu yenye yatatoka, juu karibu kila fasi yanafanana.

Wa kwanza atasema: "80 na 80 ni 160. Basi hakuna shimo litakosa." Jibu hili linavunjika lenyewe. Mashimo ni 100, 160 itatoka wapi? Na kila mkulima aliisha kuona shimo lenye lilitiwa mbegu mbili na hakuna kilichotoka.

Wa pili atasema: "Yenye kufa ni 20. Tukitia mara mbili, kufa kunagawanyika mara mbili, inabaki 10." Huyu iko karibu na njia, lakini bado.

Wa tatu atasema: "Mbegu ni mbegu. Kama 20 kwa 100 zinakufa, mashimo 20 yatakosa, utie moja ao utie mbili." Huyu anasahau kama shimo linakuwa wazi pale tu mbegu zote mbili zinakufa pamoja.

Jibu la kweli ni mashimo 4. Tuone namna gani.

Tuhesabu upande wa kukosa

Chukua mashimo 100 na mbegu ya kwanza peke yake. Mu mashimo 80 inaota, mu mashimo 20 inakosa. Mpaka hapa hakuna ubishi.

Sasa sahau yale 80, yaliisha kupata mmea. Angalia yale 20 tu. Mu kila moja ya haya 20 kuna mbegu ya pili. Mbegu hii ya pili haijue kama mwenzake alikufa. Haina huzuni, haina furaha, haina deni. Nayo iko na bahati yake ile ile: 80 kwa 100, ni kusema 8 kwa 10. Mu mashimo 20, itaota mu 16 na itakosa mu 4. Basi mashimo 4 njo yanabaki wazi.

Kwa wenye wanapenda kuona kwa macho: chora chini mraba mukubwa wa mistari, vyumba 10 kwa upana na vyumba 10 kwa urefu, vyumba 100 vyote. Safu 8 za juu ni fasi yenye mbegu ya kwanza inaota, safu 2 za chini ni fasi inakosa. Kisha vyumba 8 vya kushoto mu kila safu ni fasi yenye mbegu ya pili inaota, viwili vya kuume ni fasi inakosa. Tia haragi jeupe kwa kila kuota na haragi jeusi kwa kila kukosa. Utakuta vyumba 64 viko na meupe mawili, vyumba 32 viko na moja jeupe na moja jeusi, na pale ku kona ya chini vyumba 4 viko na meusi mawili. Jumlisha 64, 32 na 4: ni 100. Hesabu imefunga.

Hakikisha tena kwa njia nyingine. Mashimo 64 yenye mimea miwili ni mimea 128. Mashimo 32 yenye mmea mmoja ni mimea 32. Jumla ni mimea 160, na mbegu tulizotia ni 200. 160 kwa 200 ni sawa na 80 kwa 100. Mbegu haikubadilika kuwa nzuri zaidi. Kilichobadilika ni hesabu ya mashimo yenye kubaki wazi.

Kanuni yenyewe ni hii: kama unataka kujua kitu kitatokea hata mara moja, usijumlishe kutokea. Chukua kukosa, zidisha kwa kukosa, kisha toa ile ku jumla. Kukosa 2 kwa 10, mara 2 kwa 10, ni 4 kwa 100. Kinachobaki, 96, njo mashimo yenye mmea.

Swali la zamani

Swali hili haliko la leo. Mu mwaka wa 1654, Wafaransa wawili wenye akili ya hesabu, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya michezo ya feza. Kati ya maswali ya wachezaji wa wakati ule lilikuwa hili: ukirusha dadu yenye pande 6 mara nne, iko bahati gani ya kupata 6 hata mara moja? Mwenye kujumlisha atasema 4 kwa 6, ni kusema karibu 67 kwa 100. Mwenye kuhesabu kukosa atasema: kukosa ni 5 kwa 6, izidishe mara nne, inatoka karibu 48 kwa 100, basi kupata ni karibu 52. Kati ya 67 na 52 kuna watu walipoteza mali. Kwa mkulima dadu ni mbegu, na mali ni kazi ya nyumba nzima mu msimu mmoja.

Mbegu ya tatu inaleta nini?

Sasa turudi kwa wazee wetu wanaosema tatu. Tuhesabu mu mashimo 1 000, juu namba zionekane vizuri. Mbegu iko ile ile, 80 kwa 100.

Mbegu 1 kwa shimo: unatia mbegu 1 000, mashimo 200 yanabaki wazi.
Mbegu 2 kwa shimo: unatia mbegu 2 000, mashimo 40 yanabaki wazi.
Mbegu 3 kwa shimo: unatia mbegu 3 000, mashimo 8 yanabaki wazi.

Angalia vizuri. Mbegu ya pili iliokoa mashimo 160. Mbegu ya tatu inaokoa 32 tu. Ulitia mbegu 1 000 zaidi kwa ajili ya mashimo 32. Ni karibu mbegu 31 kwa kila shimo lenye limeokolewa. Kazi ya mbegu ya tatu ni ndogo, lakini bei yake ku depo ni sawa na ya kwanza. Na mu mashimo mingi itatoka mimea mitatu. Usipong'oa mmoja, itagombania mbolea na jua, na masuke yatakuwa madogo.

Kuna njia ya nne yenye watu wengi hawaiangalie: kujazia. Tia mbegu 2. Siku ya 7 mpaka ya 10, pita mu shamba. Yale mashimo 40 yenye kubaki wazi, tia tena mbegu 2 mu kila moja: ni mbegu 80. Kwa kanuni ile ile, mu mashimo 40 yatakosa moja ao mawili tu. Basi kwa mbegu 2 080 unabaki na mashimo mawili wazi, wakati mwenzako wa mbegu 3 000 anabaki na 8. Alitumia mbegu 920 zaidi na akapata kidogo zaidi.

Lakini tuseme kweli: kujazia kunataka mtu apite mapema. Ukienda nyuma ya wiki tatu, mahindi ya kwanza yaliisha kupanda, yatafunika ile midogo na haitazaa kitu. Kama ulichelewa, mu mashimo yenye wazi tia maharagi, usitie tena mahindi. Na nyumba yenye haina mtu wa kupita, juu mama iko mgonjwa ao watoto wako ku masomo, inaweza kuona mbegu ya tatu ni afazali. Hiyo ni hesabu ya kila nyumba. Sisi tunasema tu: uijue bei yenye unalipa.

Kwa vipimo vya kawaida, mistari sentimeta 75 na mashimo sentimeta 50, hekta moja iko na mashimo zaidi ya 26 000. Basi mbegu ya tatu ni mbegu zaidi ya 26 000 kwa kila hekta. Mahesabu haya mu mashimo 1 000 yanaonekana madogo. Mu mashamba ya wanachama wote wa ushirika ni magunia.

Mbegu yako wewe iko ngapi kwa 100?

Yote tuliyosema inasimama juu ya ile 80. Kama mbegu yako haiko 80, jibu linabadilika. Mu mashimo 1 000 iko hivi:

Mbegu ya 90 kwa 100: moja inaacha 100 wazi, mbili zinaacha 10, tatu zinaacha 1.
Mbegu ya 60 kwa 100: moja inaacha 400, mbili zinaacha 160, tatu zinaacha 64.
Mbegu ya 50 kwa 100: moja inaacha 500, mbili zinaacha 250, tatu zinaacha 125.

Njo maana wazee walisema tatu, na hawakuwa wajinga. Kwa mbegu ya nyumbani, yenye ilikaa juu ya moshi ao ililiwa na wadudu, tatu inaweza kuwa sawa. Kwa mbegu nzuri, tatu ni kutupa. Hakuna namba moja ya kila mtu. Kuna kupima.

Kupima hakuombe feza. Chukua mbegu mu gunia, juu, katikati na chini, usichague zenye sura nzuri. Hesabu 100. Zipange juu ya kitambaa chenye maji kidogo, ukikunje, ukiweke mu sahani kwa kivuli. Kila siku ongeza maji kidogo, lakini zisiogelee, zitaoza. Kwa mahindi hesabu siku ya 7, kwa maharagi siku ya 9. Zenye zimetoa mzizi na kichipukizi chenye afya njo unahesabu. Zenye kuota vibaya, bila mzizi ao zimevunda, hesabu kama zilikosa. Chini ya 50, usipande. Tafuta mbegu ingine.

Tunaomba mfanye 100 na hapana 10. Sababu iko mu hesabu yetu. Tuseme muuzaji anakuonyesha mbegu 10 mu kitambaa, zote zimeota, na anasema: "Unaona, mama? Mbegu yangu ni 100 kwa 100." Mbegu ya 80 inaweza kuota yote 10? Zidisha 8 kwa 10 mara kumi: inatoka karibu 11 kwa 100. Ni kusema, wauzaji 9 wenye mbegu ile ile ya 80 wakipima 10, mmoja kati yao anaweza kupata yote 10 bila kudanganya. Hakusema uongo, lakini hakukuonyesha kitu kingi. Kwa mbegu 100, bahati ya namna hii haiko.

Na kama komite inanunua kwa ajili ya wote, pima kila gunia, hapana gunia moja kwa niaba ya mengine.

Mbuzi wa mkopo: hesabu ile ile, ugomvi mukubwa zaidi

Vikundi mingi viko na mkopo wa mbuzi. Jamaa inapokea jike mmoja, na inapaswa kurudisha mtoto jike wa kwanza kwa jamaa yenye inafuata. Wengi wenu mnajua ugomvi wenye unazaliwa hapo. Mbuzi inazaa dume. Inazaa tena, dume. Inazaa mara ya tatu, dume. Jamaa yenye inangojea inaanza kusema: "Wale watu walificha jike, waliuza ku soko." Wengine wanataja dawa na uchawi. Na mama mwenye mbuzi anajibu mu mkutano, na machozi: "Nirudishe mbuzi gani, na yote ilizaliwa dume?"

Tumuhukumu namna gani? Tuhesabu kwanza.

Tuchukue jamaa 40, kila moja na jike lake, na kila mimba mtoto mmoja. Dume ao jike, bahati ni nusu kwa nusu. Kwa uzazi wa kwanza, jamaa karibu 20 zinapata jike na zinalipa. Zingine 20 zinapata dume. Kwa uzazi wa pili, mu zile 20, karibu 10 zinapata jike, 10 zinabaki. Kwa uzazi wa tatu, mu zile 10, tano zinapata, tano zinabaki.

Basi mu kikundi cha jamaa 40, bila mwizi, bila mchawi, tunangojea kuona jamaa karibu 5 zenye zilipata dume mara tatu. Haiko ajabu. Ajabu ingekuwa kukosa kuziona. Na muda wake ni mrefu: mbuzi anabeba mimba miezi 5, ukiongeza kunyonyesha na kumpandisha tena, uzazi mara tatu ni kama miaka miwili. Jamaa yenye inangojea miaka miwili iko na haki ya kuchoka. Lakini haina haki ya kumwita jirani mwizi kwa sababu ya hii peke yake.

Kuna kosa lingine hapa. Watu wanasema: "Alizaa dume mara tatu, basi ya ine lazima itakuwa jike." Hapana. Ya ine ni nusu kwa nusu sawa na ya kwanza. Mbuzi haiweke kaye ya deni mu tumbo. Kati ya zile jamaa 5, mbili ao tatu zitapata tena dume. Mwenye kuahidi mu mkutano "mwaka huu lazima italipa" anaahidi kitu chenye hakiko mu mikono yake. Kosa hili ni lile lile la mkulima mwenye kusema: "Mbegu ine ziliota, basi ya tano njo itakufa." Kila mbegu na bahati yake, kila mimba na bahati yake.

Hesabu hii inalinda mama mwenye haki, lakini haimfunike mwongo. Tunangojea jamaa 5 kwa 40. Zinaweza kuwa 3, zinaweza kuwa 7, bahati haiendi kwa mstari. Lakini kama jamaa 20 zinakuja kusema kama zote zilipata dume mara tatu, hapo komite ivae viatu ipite nyumba kwa nyumba, juu ile haifanane tena na bahati.

Vikundi vinaweza kufanya nini? Tunashauri mambo matatu, na yaandikwe mu sheria za ndani mbele ya mbuzi wa kwanza kutolewa.

Kwanza, kila uzazi utangazwe mu wiki ile ile, majirani wawili waone, na sekretere aandike siku na kama ni dume ao jike. Kaye yenye imeandikwa vizuri inazuia maneno mingi.

Pili, tengenezeni mstari mmoja wa kikundi kizima. Jamaa isingojee mbuzi wa jirani mmoja. Jike wa kwanza kuzaliwa, atoke kwa nani, aende kwa jamaa yenye iko mbele mu mstari. Hivi bahati mbaya ya mbuzi mmoja inagawanyika kwa wote, hakuna mtu mmoja anaibeba peke yake. Mu jamaa 40, uzazi wa kwanza peke yake unaleta majike karibu 20, mstari unatembea.

Tatu, sheria iseme mbele: mwenye kupata dume mara tatu alipe namna gani. Anaweza kutoa dume mwenye kukomaa, komite imuuze ku soko na kununua jike, na tofauti ya bei igawanywe namna mlipatana. Jambo lenye liliandikwa mbele ya shida ni sheria. Jambo lenye linatungwa wakati wa shida, watu wataona ni adhabu.

Fasi yenye hesabu hii inakosea

Tungewadanganya kama tungeishia hapa. Hesabu ya kuzidisha kukosa iko na sharti moja: kila jambo lisitegemee lingine. Mbegu ya kwanza ikikosa, isimfanye wa pili akose. Mu shamba, mara mingi sharti hili linavunjika.

Mvua ikikatika siku kumi nyuma ya kupanda, mbegu zote mu shimo zinakauka pamoja, ziwe mbili, ziwe kumi. Hapo mbegu ya tatu haiokoe kitu. Kinachookoa ni kutopanda shamba lote siku moja: sehemu leo, sehemu nyuma ya siku kumi, sehemu ku bonde, sehemu ku mlima. Sawa vile, gunia lenye lililowa ku depo linaharibika lote. Pale hakuna 80 kwa 100.

Muhogo njo mfano mzuri zaidi. Mtu anakata vipande 10 vya mti mmoja na anafikiri iko na bahati 10. Kama mti ule uko na mozaiki, majani yakikunjamana na kuwa na rangi ya manjano, vipande vyote 10 vitabeba ugonjwa ule. Iko na bahati moja, aliikata mara kumi. Afazali vipande kutoka miti mingi yenye majani safi. Na ndizi: kisu kimoja chenye hakikupita mu moto kinabeba mnyauko kutoka shina moja mpaka lingine. Mashina 20 yenye yangekuwa kila moja na bahati yake, kisu kile kiliyafunga kamba moja.

Basi mbele ya kuzidisha, uliza swali hili: "Kama hii inakufa, je, sababu ile ile itaua na ingine?" Kama jibu ni hapana, hesabu. Kama jibu ni ndiyo, kazi yako si kuongeza hesabu ya vitu. Kazi yako ni kutafuta namna ya kuvitenganisha.

Swali la kupeleka ku mkutano

Mu kikundi cha kuweka na kukopesha, wanachama 10 walikopa. Kila mmoja ni mtu wa kuaminika: kwa siku ya mwisho, bahati ya kulipa kwa wakati ni 9 kwa 10. Mama kesiye anataka kujua: iko bahati gani ya wote 10 kulipa kwa wakati, bila hata mmoja kuchelewa? Wengi watasema 90 kwa 100. Msisome mstari unaofuata mbele ya kujaribu.

Zidisha 9 kwa 10 mara kumi. Wawili ni 81 kwa 100. Watatu ni karibu 73. Watano ni karibu 59. Wote kumi ni karibu 35 kwa 100. Ni kusema, hata na watu wazuri, mara mbili kwa tatu kutakuwa angalau mmoja mwenye atachelewa. Kwa hiyo kikundi kisipange kugawa feza yote siku ile ile, kiache akiba kidogo mu sanduku. Na mmoja akichelewa, asitukanwe mbele ya watu kama vile jambo la ajabu limetokea. Tena, kama wote 10 walipanda kitu kimoja mu bonde moja, mkumbuke sharti: mafuriko moja yatawachelewesha wote.

Mbele ya mwezi wa tisa, tunaomba kila komite ifanye mambo mawili. Pimeni mbegu 100 mu kila gunia na muandike namba juu ya gunia lenyewe, kwa makala yenye haifutike. Kisha someni ile namba mbele ya wanachama, mchore mraba wa vyumba 100 chini, na mpatane mbegu ngapi mu shimo. Yule mzee mwenye kusema tatu apewe haragi jeusi aweke mwenyewe.